Bakuli Halirudi Tupu

1

Kitambi cha mama kiligoma kuinuka Jumanne. Hadi saa nne asubuhi, jua likiwa limeshakaa sawasawa juu ya mabati, kilikuwa bado kimelala bapa juu ya paa, mikunjo yake yote inaonekana.

"Kina njaa," mama alisema, amekinga uso kwa kiganja. "Lakini nimekipa magadi jana na juzi. Kijiko kile kile ulichonipimia."

Hapa kijijini kwetu Unyampembe mifuko yote ya gesi inaitwa vitambi, na jina hilo sikulitoa mimi. Kwenye karatasi za maabara tuliiita mitambo ya usanisinuru ya kaya. Siku ya kwanza mfuko wa nailoni wenye maji ya kijani ulipovimba juu ya paa la zahanati, mzee mmoja akasema, "Huyu naye keshapata cheo," na basi, jina likabaki. Asubuhi kitambi kimelala, adhuhuri kimetuna, jioni gesi imeshuka kwenye mpira hadi jikoni. Pampu ya kisima inaendeshwa na vitambi. Friji la chanjo pale zahanati pia. Kuni watu wameshasahau zinavyochoma macho.

Wadudu waliomo ndani ya vitambi niliwatengeneza mimi. Nasema wadudu kwa kuwa mama anasema wadudu, ni bakteria. Tulimchukua bakteria wa kawaida tukampandikizia mitambo ya jani, ile inayokamata mwanga na kuyapasua maji. Jani hutumia nguvu hiyo kujitengenezea sukari. Wa kwetu tukamgeuzia njia, nguvu ile ile ikaenda kwenye kimeng'enya kinachotoa haidrojeni. Taabu iliyotula miaka saba ni kwamba mitambo ya jani hutoa oksijeni, na oksijeni hukiua kimeng'enya hicho. Ilikuwa kama kumweka mpishi na mzima-moto jiko moja. Mwishowe tukakijengea kimeng'enya kijumba chake cha protini ambamo oksijeni haipenyi, na siku chupa ya kwanza ilipotoa mapovu tulikumbatiana tukalia kama wajinga. Ninaposema "tulikumbatiana" nina maana mimi na mwenzangu wa maabara, Fulgence Mbilinyi.

Kiumbe wa namna hiyo huwezi kumwachia azurure, kwa hiyo nikamfunga. Kufuli lilikuwa wazo langu: bakteria asiweze kuishi bila magadi. Akimwagika kisimani au shambani, anakufa siku hiyo hiyo. Na ufunguo wenyewe upo sokoni, watu wanapikia mlenda. Ndani ya jeni za kufuli, mahali pasipofanya kazi yoyote, niliandika jina la mama kwa herufi nne za jeni: Yustina. Kila fundi ana utani wake, na huo ulikuwa wangu.

Nilipanda ngazi nikakibonyeza kitambi. Maji yalikuwa ya kijani, mazuri kabisa, hayanuki. Kutoka juu pale nikatazama kijiji. Vitambi vyote vilikuwa vimelala, paa baada ya paa, hadi zahanati. Kimoja tu kilikuwa kimesimama, mwisho wa njia, mviringo kama mjamzito wa miezi tisa.

"Mama, kile cha nani?"

"Huko usiangalie."

"Cha Mama Sungi?"

"Nimekwambia hatuongei naye." Akaingia jikoni na kuanza kugongagonga sufuria ambazo hazikuwa na chochote cha kupika.

2

Nilikuwa nimebeba kisomaji changu cha jeni, ukubwa wa redio ya mkulima. Nikakiweka juu ya meza ya mama, nikadondoshea tone la maji ya kitambi chake, nikangoja nikinywa chai iliyochemshwa kwa mabua ya mtama. Kikamaliza kabla ya kikombe.

Jina la mama lilikuwepo. Y, kisha u, herufi zote katika mpangilio wangu. Lakini kufuli lililolizunguka halikuwa langu. Tundu la ufunguo lilikuwa la umbo jingine kabisa, na pembeni yake palikuwa na kitu ambacho sikuwahi kukiandika: saa. Bakteria akigawanyika, saa inahesabu moja. Ikifika mia tatu anaacha kutoa gesi, halafu anaanza kufa taratibu, mpaka apewe kitu ambacho magadi hayana.

Nilisoma mara tatu. Namfahamu Fulgence kwa namna anavyoandika jeni, kama unavyomfahamu mtu kwa mwandiko wa barua. Huacha nafasi mbili mahali ambapo mimi naacha moja, na nafasi mbili zilikuwepo.

Ndipo nikakumbuka mtungi.

Mwaka jana tulikuja pamoja, mimi na yeye, kwa mapumziko. Fulgence alikuja na mtungi wa kioo wenye maji ya wadudu, umefungwa kwa kitenge, akampa mama kwa mikono miwili. "Chachu mpya, Mama. Ina nguvu kuliko ya zamani." Na kweli ilikuwa na nguvu. Ile yangu hugawanyika polepole, na hii ya kwake ilikimbia. Ukizichanganya, baada ya wiki mbili ya zamani imemezwa yote.

Mama hakungoja hata siku mbili. Alimimina nusu kwenye kitambi chake, nusu akaigawa kwenye bakuli lake la bati la buluu, akaanza kuipeleka kwa majirani. Hivyo ndivyo chachu inavyoishi Unyampembe. Yako ikistawi, unampelekea jirani bakuli moja. Jirani anaimimina ndani ya kitambi chake mbele yako, kwa sababu kuitenga pembeni ni kusema jirani yako ni mchafu. Kisha anajaza bakuli kwa chachu yake na kulirudisha, maana bakuli halirudi tupu. Miaka ya mwanzo nilijaribu kuwaambia wapime kwanza, kila chachu ikae peke yake siku tatu. Mama alinitolea macho. "Nimuulize mama mtu mzima kama bakuli lake limeoshwa? Mimi?" Nikaona aibu, nikaacha. Sikurudia tena somo hilo kijiji chochote, na hilo ni kosa langu, simsukumii mtu.

Ndani ya mwezi mmoja chachu ya Fulgence ilikuwa imeimeza ya zamani katika kila nyumba, isipokuwa kwa Mama Sungi. Yeye alilirudisha bakuli la mama tupu, kavu, limefunikwa kwa sahani. Kijiji kizima kilisimulia habari hiyo hadi Krismasi.

Nikampigia Fulgence simu. Nilitaka akane. Ningemwamini, nadhani, hata kwa uongo mbovu.

"Vimelala, siyo?" akasema kabla sijamaliza salamu. "Nilikadiria wiki ijayo. Huko kwenu jua kali, wadudu wanagawanyika haraka."

"Fulgence, umefanya nini?"

"Vene, tulia. Kampuni inayotulipa isingeweza kuendelea na kiumbe ambaye kila bibi anamzalisha uani na kumgawa bure. Wangefunga maabara. Nimeokoa kazi yetu."

"Kazi yetu? Umebadilisha kufuli langu ukaliacha jina la mama yangu ndani!"

"Sikuona sababu ya kulifuta," akasema. "Ni jina zuri."

Niliketi chini, hapo hapo kwenye sakafu.

"Na kufuli lako lilikuwa na tundu," akaendelea, kwa ile sauti yake ya upole ambayo kwa miaka kumi na moja niliidhani ni tabia njema. "Ziwa la chumvi liko nusu siku kutoka hapo, limejaa magadi tele. Mfuko mmoja ukipasuka ufukweni, wadudu wako wanaogelea na kuzaana mpaka ndege waishiwe chakula. Wangu hawawezi. Wangu ni salama zaidi, Vene, na unajua."

Hapo alinishika pabaya, kwa sababu ni kweli. Lakini ziwa tulilizungumza na wanakijiji kwa mikutano mitatu. Walikubali wenyewe kwamba kitambi hakivuki daraja la kwenda ziwani, na hakijawahi kuvuka. Hatari ile waliijua. Hii yake ililetwa imefungwa kitenge.

"Ulijuaje itafika kila nyumba?"

"Si wewe uliyenisimulia? Habari ya bakuli. Tulicheka sana siku ile."

Kumbe. Nilimsimulia mimi, tukila samaki kantini. Nilimsimulia kwa fahari.

"Kesho nakuja na vidonge," akasema. "Kidonge kimoja kwa kitambi, kila mwezi. Unyampembe watapata bure maisha yao yote, nimewaombea na wakubwa wamekubali. Wewe waambie tu ni vitamini ya wadudu. Wakijua zaidi, habari itatembea hadi vijiji vingine mia na arobaini vyenye chachu yangu, na ile ahadi ya bure itakufa siku hiyo hiyo."

"Na hao wa vijiji vingine?"

"Vene," akasema, "huko si kwenu."

3

Usinione shujaa. Usiku kucha niliihesabu ile ahadi kama mtoto anavyohesabu pipi. Nikinyamaza, keshokutwa adhuhuri vitambi vinasimama, pampu inavuta maji, friji la chanjo linapoa, na mama yangu anabaki mwanamke aliyeleta chachu yenye nguvu. Nikisema, kijiji kinakaa bila gesi siku arobaini kwa uchache, kama Mama Sungi atakubali kutoa chachu yake ya zamani, nayo huzaana polepole. Na kama hatakubali, basi tumekwisha. Chupa zangu za akiba zipo maabara, na ufunguo wa jokofu lile anao Fulgence. Na wa kwanza kunyooshewa kidole hatakuwa Fulgence. Atakuwa mama, maana bakuli lilikuwa la kwake.

Gari la Fulgence liliingia kesho yake saa sita mchana. Ua ulikuwa umejaa. Watu walikuwa wameitana tangu asubuhi kuja kumuuliza mtoto wa Yustina kulikoni. Muuguzi wetu, Anastella, alikuwa amekaa mbele kabisa na jaketi lake jeupe, akitazama saa kila dakika.

Fulgence alishuka, akavua kofia. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda?"

"Kazi, Mama." Akarudi garini, akatoka na bakuli la bati la buluu. Nililitambua kabla sijaliona vizuri. Mwaka jana, baada ya kugawa chachu, mama alimtumia asali ndani yake. Sasa lilikuwa limejaa vidonge vyeupe hadi ukingoni, na alilibeba kwa mikono miwili, anatembea taratibu asimwage hata kimoja.

"Mama," akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "bakuli halirudi tupu."

Wakapiga vigelegele. Mama alilipokea huku macho yake yanalengalenga. Anastella akasimama, mkono tayari umenyooka. "Hii ndiyo dawa? Nipe cha zahanati kwanza, Mama Vene. Friji langu lina siku mbili tu."

Fulgence akanitazama na kutikisa kichwa kidogo sana, kama tulivyokuwa tukifanya mikutanoni mmoja akitaka mwenzake aanze kusema.

"Mwambie ni nini, Fulgence," nikasema.

"Ni vitamini ya..."

"Usiniambie mimi. Mwambie mama, amekushikia bakuli."

Akamwangalia mama, akaliangalia bakuli. Nitampa haki yake: alishindwa. Mwongo wa simu na mwongo wa ana kwa ana si watu wale wale.

Basi nikasema mimi. Nilisema kufuli nililibuni mimi na sababu yake. Nilisema alivyobadilisha tundu, na ile saa ya mia tatu, na kwamba kila nyumba iliyopokea bakuli la mama sasa italazimika kulisha kitambi chake kidonge kila mwezi mpaka kiama, kutoka kwa watu wasiowafahamu. Nikasema vidonge vya kwetu ni bure tukifunga mdomo, na vijiji vingine mia na arobaini havijui lolote. Nilisema vibaya, kwa kurukaruka, na katikati nikaomba maji. Hakuna aliyenipa.

"Kwa hiyo," alisema mwanamke mmoja nyuma, "tuliletewa na Yustina."

"Mama hakujua!"

"Sijasema alijua. Nimesema aliyetuletea."

Mama alikuwa bado ameshika bakuli. Hakunitazama mimi. "Fulgence," akasema, "siku ile umekaa pale, ukala ugali wangu, ukaomba na mboga nikakuongezea. Ulikuwa unajua?"

"Mama, mimi nilitaka tu..."

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," mama akasema, wala hakupandisha sauti. "Kinga koti."

"Mama?"

"Kinga koti lako, baba."

Na kwa kuwa amelelewa vizuri, na mtu mzima amemwambia kinga, akakinga. Akashika ncha za koti kwa mikono miwili. Mama akapindua bakuli, vidonge vyote vikamwagikia mle ndani, vichache vikaanguka vumbini. Akaligongagonga kitako, mara mbili, kisiwemo hata kimoja.

Anastella alikuwa anavitazama vile vya vumbini. Nilimwona anahesabu siku zake mbili. "Chanjo nitazipeleka mjini na pikipiki leo leo," akasema hatimaye, kwa hasira, na hasira hiyo ilikuwa kwetu sote. "Lakini watu wakija na watoto wao, Vene, utakaa mlangoni wewe uwaambie."

"Nitakaa."

Fulgence hakuwa na mkono wa kufungulia mlango wa gari. Tulimwacha amesimama pale uani.

4

Mama alitangulia, bakuli tupu mkononi, katikati ya njia ambapo kila mtu anaona. Kutembea na bakuli tupu kwenda kwa mtu ni kwenda kuomba, na mama yangu hajaomba tangu nimfahamu. Watu walitufuata kwa mbali. Hakuna aliyetusalimu.

Tulipofika nusu ya njia akaniuliza, bila kugeuka, "Habari ya bakuli. Alijuaje kuwa tunarudishiana? Mwaka jana alikaa kwetu siku tatu tu."

Ningeweza kusema aliona mwenyewe.

"Nilimwambia mimi, mama. Zamani. Nilikuwa nakusifia."

Akatembea hatua kama ishirini hivi. Kisha akasimama, akanikabidhi bakuli. "Basi shika wewe. Wewe ndiye utakayeomba."

Mama Sungi alikuwa amekaa kwenye kibaraza chake anachambua kunde, kitambi chake kimetuna juu ya kichwa chake. Alishasikia yote, njia yetu haina siri. Nilimwamkia. Aliitikia, akaendelea na kunde.

"Watu watasema nilikuwa na akili," akasema, bado ameinama. "Sikuwa na akili yoyote. Nilikuwa nimekasirika. Wote mliwapelekea Alhamisi, mimi mkaniletea Jumapili, wa mwisho, kama mbwa. Nikaimwaga kwenye boga."

"Jumapili ndipo ilipofika zamu yako," mama akasema. "Nilianzia juu."

"Ungeanzia chini."

"Ni kweli. Ningeanzia chini."

Nikapiga magoti, nikamnyooshea bakuli kwa mikono miwili. "Mama Sungi, tunaomba chachu."

Akaacha kunde. Akalitazama bakuli la buluu, ndani kwanza, kisha mimi. Halafu akauliza neno ambalo katika kijiji chetu sijawahi kulisikia mtu mzima akimuuliza mwenzake.

"Limeoshwa?"

Watu njiani waliguna. Nikageuza uso kwa mama. Alikuwa anatazama chini, mikono imekamata kanga yake kwa nguvu, na nikajua analingoja jibu langu kama wao.

"Hapana," nikasema. "Halijaoshwa. Naomba maji."

Akaniletea maji ya moto kwenye sufuria, na jivu, na gunzi. Nikaliosha pale pale mbele yao, ndani, nje, hadi kwenye mkunjo wa ukingo ambapo bati limechubuka. Nikamwaga, nikaomba maji mengine, nikaliosha tena. Mikono iliungua. Niliosha mara ya tatu, na ya nne, mama akinitazama, na hakuna aliyeniambia inatosha.